Daftari la presha la mkuu wa stesheni

Baba yangu alifanya kazi Reli ya Kati hadi akastaafu akiwa mkuu wa stesheni. Koti alirudisha, filimbi alirudisha, lakini tabia moja aliondoka nayo: jambo ambalo halijaandikwa pamoja na saa yake, kwake halijatokea. Alipoambiwa ana presha hakuuliza atakufa lini. Aliniagiza mashine ya kupimia na daftari. Akapiga mistari kwa rula, tarehe, saa, namba, maelezo, akaanza kuyapokea mapigo ya moyo wake kama alivyokuwa akipokea treni.

Ninalo hapa mezani. "Saa 12:10 asubuhi. 151/88. Sijala." "Saa 10 jioni. 118/64. Nimelala kidogo mchana." "Saa 2 usiku. 163/90. Fundi bomba hakuja, nimempigia mara nne." Ukurasa unaofuata: "126/70. Mjukuu amekaa mapajani." Kuna siku ameandika namba tatu zilizopishana kwa dakika tano tano, na pembeni, kwa wino mwekundu: "Mashine ina wasiwasi au mimi?"

Mwaka juzi alikwenda kliniki. Alishika foleni tangu saa 11 alfajiri, akapimwa mchana akiwa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, huku anajibu umri wake, mtaa wake na namba ya kadi ya bima. Mashine ikasema 178/96. Daktari, mtu mpole ambaye nje alikuwa bado na ukumbi mzima wa watu, akaongeza dozi. Mzee akatoa daftari kwenye bahasha ya kaki akaliweka mezani. Halikufunguliwa. Siku tisa baadaye, saa 9 usiku, aliamka kwenda chooni akaanguka mlangoni. Mama alipomfunga mkanda wa mashine ilisoma 88/50. Na hiyo nayo imo daftarini, kwa mwandiko wa mama, bila maelezo.

Yule daktari simlaumu sana. Alisoma alichopewa kusoma, na alichopewa ni namba moja. Ugomvi wangu ni na hiyo namba moja, na imani yetu kwamba ukishaipata umeujua moyo wa mtu.

Lugha yenyewe imetuponza. Tunasema fulani "ana presha" kama tunavyosema ana gari, kana kwamba wengine wetu hatuna. Asiye na presha ni maiti. Kisha tumezigawa mbili, ya kupanda na ya kushuka, kila mtu na yake, kama timu za Kariakoo. Hali halisi ni kwamba presha ya kila mmoja wetu inapanda na kushuka mchana kutwa na usiku kucha. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo lina presha yake. Ukipanda ngazi inapanda, ukiketi inatulia, ukilala usingizi mzito inashuka kwa asilimia 10 hadi 20. Wapo ambao usiku haishuki, na hao wako hatarini zaidi kupata kiharusi na maradhi ya moyo hata kama mchana, kwenye benchi la zahanati, namba yao inapendeza. Wapo wengine ambao presha yao hupanda wakimwona mtu wa koti jeupe tu, nyumbani iko sawa. Na wapo wa kinyume chake, kliniki wazima, nyumbani moto unawaka. Namba moja haiwezi kukutenganishia makundi haya.

Na woga huu wa kupimwa ni wa zamani kuliko kliniki za presha zenyewe. Mtu wa kwanza anayejulikana kupima presha ya damu kwa kipimo cha moja kwa moja alikuwa kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales wa Teddington. Alimfunga farasi jike chini, chali, akamchoma mshipa wa paja kwa bomba la shaba, akaunganisha neli ndefu ya kioo na kutazama damu inapanda hadi wapi. Ilipanda zaidi ya futi 8, kama mita 2 na nusu. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1733. Ukiibadilisha kwa hesabu za leo za milimita za zebaki unapata kama 190 hivi, nyingi mno kwa farasi aliyetulia. Basi hata presha ya kwanza kuandikwa duniani huenda ilikuwa ya woga. Nani angetulia, chali, amefungwa kamba, na kasisi amekuinamia na bomba?

Lakini Hales aliona kitu ambacho vipimo vya baadaye vilikificha. Damu ndani ya kioo haikusimama mahali pamoja. Ilicheza, juu na chini, kwa kila pigo. Wanasayansi wa karne ya 19 waliufuata mchezo huo. Mwaka 1847 Carl Ludwig, Mjerumani, alitengeneza mtambo wenye kalamu iliyochora presha kwenye karatasi inayozunguka. Mwaka 1860 Mfaransa Étienne-Jules Marey aliweka kalamu ya namna hiyo juu ya kifundo cha mkono, ikachora mapigo bila kumchoma mtu. Kisha mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci akaleta mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkoff, akaeleza kwa maelezo yasiyojaza hata ukurasa mmoja namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo ili kupata namba ya juu na ya chini. Dunia ikafurahi, na ilikuwa na haki. Namba inabebeka. Namba inaandikwa kwenye kadi. Ila tulipoipata namba, mstari tuliuacha maabara.

Mimi mstari huo niliukuta ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, alipolazwa shemeji yangu baada ya upasuaji wa tumbo. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na sindano nyembamba iliyoingia ndani ya mshipa, mpira mgumu uliojaa maji ya chumvi, waya, na mwisho wake skrini. Juu ya skrini ulikimbia mstari mwekundu, vilima vinavyofuatana. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye namba iliyo pembeni. Sista wa zamu akanicheka.

"Usianze na namba, kaka. Angalia umbo."

Akanionyesha kwa kalamu. Upande unaopanda: ukipanda wima, moyo unasukuma kwa nguvu, ukipanda kwa kujivuta, umechoka, au njia imebana. Kijibonde kidogo upande wa kushuka: hapo vali ya kutokea damu ndiyo imejifunga. Eneo lililo chini ya kilima kabla ya kile kijibonde linakupa fununu ya damu iliyotoka kwa pigo moja. Na vilima vikawa vinarefuka na kufupika kila mashine ya kupumulia inaposukuma hewa. "Huyu bado anataka maji," akasema, na baada ya kumwita daktari wakafungua dripu. Nusu saa baadaye vilima vilikuwa vimelingana. Namba yenyewe, ile niliyokuwa nimeikodolea, ilikuwa haijasogea sana.

Wakati huo huo ndugu mmoja akataka mgonjwa "akae vizuri", akainua kitanda. Presha ikaruka kutoka 112 hadi 131. Sisi tukashtuka, sista hakushtuka. Akasogeza kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye mlingoti wa dripu hadi kikawa usawa wa moyo, na namba ikarudi ilikotoka. Kwa kila sentimita 10 ambazo kipimo kinakuwa chini ya moyo, unaongeza karibu milimita 8 za zebaki ambazo hazipo. Hapo hapo nikaukumbuka mkono wa Mzee ukining'inia pale benchini.

Inawezekanaje presha ieleze kazi ya moyo? Mkulima yeyote wa nyanya au kahawa analo jibu mgongoni. Chukua bomba la kupulizia dawa. Mkono unapampu kwa kusukuma na kuachia, lakini dawa kwenye ncha haitoki kwa kukatika, inatoka mfululizo. Ndani mna chumba cha hewa kinachobanwa unaposukuma na kusukuma dawa kwa niaba yako unapoachia. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo hufanya kazi hiyo hiyo: hutanuka moyo unapotema damu, kisha hujikunja taratibu na kuipeleka mbele wakati moyo unajijaza upya. Mjerumani Otto Frank aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1899, kwa mfano wa chumba cha hewa cha pampu za zimamoto za zama zile. Ukijua mshipa unatanuka kiasi gani, na ukiona presha imepanda na kushuka kiasi gani kwa kila pigo, unaweza kukadiria damu iliyotoka. Mitambo ya kisasa ya ICU inafanya hesabu hiyo pigo kwa pigo. Mnamo 1973 Jan Peňáz wa Brno alionyesha kwamba mstari kama huo unaweza kupatikana hata kwa kukifunga kidole tu, bila sindano, kwa pete ya hewa inayobana na kulegea haraka kiasi kwamba mshipa wa kidole haupati nafasi ya kutanuka.

Mshipa mkuu ni kama mpira, ukizeeka hautanuki vizuri. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu inapaa huku ya chini ikishuka, na pengo kati yake, kama lile la 151/88 ya baba, lina habari ambayo namba moja moja haikupi. Mzee mwenyewe aliligundua pengo hilo kabla ya daktari yeyote kumweleza. Aliliita "umbali wa reli".

Hata hivyo presha ni shahidi mwenye hila. Bana mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole uone: presha inapanda, maji yanapungua. Moyo uliochoka unaweza kuonyesha 120/80 safi kwa sababu mishipa ya pembeni imejibana kuusitiri. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kuwa na presha nzuri dakika kadhaa kabla ya kuzimia, kwa kuwa mwili wake kijana unaficha hasara hadi ushindwe. Kinachomsaliti ni mapigo yanayokwenda mbio. Ndiyo maana watafiti wa King's College London walitengeneza kile kifaa cha CRADLE, mashine ya presha inayochajiwa kwa chaja ya simu, inayogawanya namba ya mapigo kwa namba ya juu ya presha kisha kuwasha taa: kijani, njano au nyekundu. Kilijaribiwa katika nchi kadhaa zikiwemo Uganda na Malawi, na matokeo yakatoka 2019. Vifo na kifafa cha mimba vilipungua katika kipindi cha jaribio, lakini hesabu zilipochujwa haikuweza kuthibitishwa kwamba ni kifaa chenyewe kilichofanya kazi hiyo. Taa nyekundu ikiwaka na gari la wagonjwa halina mafuta, taa inabaki taa.

Hilo wanalijua hata waliokuwa na kila kitu. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz, huko Los Angeles, walitoa mpira mrefu wenye kijiputo nchani, unaoelea na damu hadi kupita ndani ya moyo kwenda kwenye mishipa ya mapafu na kupima presha humo humo. Swan alisimulia kwamba wazo lilimjia ufukweni, akitazama mashua za tanga. Kwa zaidi ya miaka 30 mpira huo uliingizwa kwa mamilioni ya wagonjwa, kwa imani kwamba anayeona zaidi hutibu zaidi. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2005, moja la Uingereza kwa wagonjwa wa ICU na jingine la Amerika Kaskazini kwa wenye moyo ulioshindwa kazi, hayakukuta kwamba waliowekewa waliishi zaidi ya wasiowekewa.

Kwa hiyo vijana wanaponionyesha saa za mkononi zinazosoma presha "muda wote" huwa nauliza maswali mawili. La kwanza, inajuaje? Nyingi humulika taa kwenye ngozi, zinasoma mapigo, kisha zinakisia presha, na ili zikisie vizuri unatakiwa kuzilinganisha mara kwa mara na mashine ya mkanda. Yaani mashine ya mkanda unayo, sasa unanunua ya kuikisia. Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa presha cha Ulaya kilishauri vifaa visivyo na mkanda visitumike kuamua nani ana ugonjwa wala dozi ipi apewe. Vitaboreka, sina shaka. Swali la pili ndilo linalonisumbua zaidi: nani atasoma? Kama daktari hakufungua daftari la kurasa arobaini, atafungua vilima laki moja vya kila siku?

Faida ya kufuatilia, tofauti na kupima, ilionekana hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000 na kuonyesha kwamba presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Aliona watu elfu moja. Hakumwona hata mmoja akibadilika. Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti wa namna nyingine. Waliwachukua Waluo wa vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, wakawafuata waliohamia Nairobi na kuwapima tena na tena kwa miezi, huku wakiwapima pia wenzao waliobaki kijijini. Waliohamia walianza kuwazidi waliobaki tangu mwezi wa kwanza tu. Chumvi waliyokula ilikuwa imeongezeka, mapigo yamekwenda juu. Presha ilipanda nao basi la Nairobi, na hilo usingelijua kwa kumpima mtu mara moja, hata ungepima elfu kumi.

Sisi tumebaki na mtindo wa Donnison. Kila mwaka mahema yanasimamishwa uwanjani, muziki unapigwa, watu wanapimwa, mgeni rasmi anapimwa mbele ya kamera. Pale stendi kijana ana meza, mizani na mashine, kwa shilingi chache anakufunga mkanda juu ya shati la mikono mirefu, umesimama, unahema. Si kazi bure. Utafiti wa Dar es Salaam na Hai uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu watu watatu kati ya kumi wana presha ya juu, na chini ya mmoja kati ya watano wao alijua. Kwa hiyo kuwaambia watu ni muhimu. Ila utafiti huo huo ulikuta waliokuwa wameidhibiti hawafiki asilimia 1, na kudhibiti hakufanywi kwa hema la siku moja.

Ninachokitaka hakihitaji satelaiti. Zahanati ikope watu mashine. Uache kitambulisho, upewe mashine ya mkono wa juu iliyothibitishwa usahihi wake, pamoja na mkanda unaokutosha. Jaribio la Marekani la 2023 lilionyesha kwamba mtu mwenye mkono mnene kabisa akifungwa mkanda wa kawaida anaongezewa karibu 20 za bure. Upewe na karatasi yenye mistari. Siku saba, mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, mdomo umefungwa. Siku ya kwanza unaitupa, ndiyo siku ya woga. Zinazobaki zinajumlishwa na kugawanywa, na wastani ukizidi 135/85 hapo ndipo mazungumzo ya kidonge yaanze. Mhudumu wa afya wa mtaani anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa simu yake. Na mashine zikaguliwe. Mizani ya bucha hapa mtaani ina stika ya Wakala wa Vipimo, kwa sababu serikali haitaki nipunjwe gramu hamsini za nyama. Kwenye mashine ya presha sijawahi kuona stika.

Najua jibu la wizarani: hakuna bajeti, hakuna muda. Muda upo, tunautumia kuwaongezea dozi watu wasioihitaji kisha kuwapokea wameanguka. Matundu ya bajeti yako hapo.

Baada ya ile ajali ya chooni tulimpeleka Mzee kwa daktari mwingine, binti wa umri wa wajukuu wa Mzee. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, daktari mwanangu." Aliliona daftari kabla hajaambiwa, akanyoosha mkono. Alilisoma kama dakika sita, bila kusema neno, anarudi nyuma, anakwenda mbele, kidole kinafuata safu ya saa. Baba alikaa wima kama aliyekuwa anakaguliwa na mkaguzi kutoka makao makuu.

"Mzee, asubuhi unapanda, jioni unashuka sana. Dawa zote mbili unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi, pamoja na chai. Saa 2."

Akarudisha dozi ya zamani, akahamisha kidonge kimoja, akaandika mstari wake mwenyewe kwenye safu ya maelezo na kusaini. Baba aliitazama ile saini njia nzima tukirudi.

Juzi amenipigia. Daftari limejaa, nimletee kauntabuku. Nikamwambia nitampatia ile nyembamba, kwa mistari yake midogo itamtosha mwaka mzima na zaidi. Ana miaka 81. Simu ikanyamaza kidogo, nikasikia redio yake na mama akimuuliza ni nani.

"Lete ile nene," akasema.